Kuchagua skrubu na nati za mashine ya CNC: mwongozo kamili kwa fundi wa nakshi wa Lamu

Mashine ya CNC, yaani ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ikiwa imejengwa nyumbani hujulikana ubora wake kwa duara moja. Iambie ichonge ua la duara lenye upana wa sentimita nne kwenye kipande cha mbambakofi, kisha pitisha ukucha ukingoni mwake. Skrubu na nati zikiwa nzima, ukucha utazunguka bila kukwama. Zikiwa na ulegevu, utagusa vibapa vinne: juu, chini, kulia na kushoto, pale mota ilipogeuza mwelekeo na nati ikachelewa kuifuata. Kwenye kibao cha jina la duka kasoro hiyo haionekani. Kwenye mfaa wa mlango wa Lamu, wenye ua baada ya ua kutoka juu hadi chini, mpita njia ataiona.

Siku hizi vijana wengi wa karakana, Amu (Lamu) na Malindi, wanataka kujijengea mashine hizi, na jambo hilo ni jema. Mashine haiondoi patasi. Inatoa mbao nyingi kwa haraka na kuacha kazi ya mkono pale inapostahili, kwenye kona na kwenye uhai wa jani. Tatizo ni kwamba wengi huanza mwisho: hununua skrubu kwanza, kwa kuwa ndizo zilizopatikana dukani au kwa bei nzuri, kisha wanajenga mashine kuzifuata hizo skrubu. Ninasisitiza kinyume chake. Skrubu ichaguliwe baada ya kujua mambo manne: urefu wa kazi, kasi ya kukata, uzito unaoning'inia, na hewa ya mahali mashine itakapokaa. Na pesa ikiwa kidogo, itangulie kwenye nati na beringi kabla ya skrubu yenyewe.

Anza na mbao

Pima kazi unayoichonga kila siku, usipime ndoto. Mlango wa Lamu una kimo cha karibu mita mbili, na mingine inazidi, kwa hiyo fundi hudhani anahitaji mashine ya mita mbili na robo. Lakini mlango ule haukuchongwa kamwe kwa ubao mmoja. Una miimo miwili, kizingiti, mfaa na mbao zake, kila kimoja kikichongwa peke yake kabla ya kuunganishwa. Mfaa na mwimo ni virefu lakini vyembamba, na nakshi yake hujirudia. Mashine yenye mwendo wa mita moja, iliyo wazi pande zote mbili, inaweza kuchonga nusu ya mfaa, ubao ukasukumwa mbele hadi kwenye vigingi viwili vilivyotobolewa kwa kipimo, kisha ikachonga nusu ya pili.

Hesabu hii ya mwanzo ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko zote, kwa sababu urefu ndio adui mkubwa wa skrubu. Skrubu ya mita mbili haina shida mara mbili ya ile ya mita moja. Ina shida mara nne, kama tutakavyoona. Kwa karakana ya kawaida ya nakshi ninapendekeza mwendo wa milimita 1,000 kwa urefu, 600 kwa upana, na 120 hadi 150 kwa kupanda na kushuka. Tuuite mhimili wa urefu Y, wa upana X, na wa juu-chini Z, kama programu nyingi zinavyouita.

Aina za skrubu utakazokutana nazo

Skrubu ya kuendeshea huzungushwa na mota. Nati imefungwa kwenye kibebeo cha ruta, yaani kifaa kinachozungusha biti ya kukatia, na skrubu ikizunguka nati husogea pamoja na kibebeo. Umbali ambao nati inasogea kwa mzunguko mmoja tutauita mwendo. Usiuchanganye na umbali wa jino hadi jino la hesi. Skrubu nyingine zina hesi moja tu inayozunguka shina, na hapo vipimo hivyo viwili ni sawa. Nyingine zina hesi mbili au nne zinazokwenda sambamba, na mwendo huzidishwa kwa idadi hiyo. Ukiangalia ncha ya skrubu utaziona mianzo ya hesi, nazo zinahesabika kwa jicho.

Ya kwanza ni nondo ya hesi ya kawaida, ile ya dukani, M8, M10 au M12. Mwendo wake ni milimita 1.25, 1.5 na 1.75. Hesi yake ni ya pembe tatu, imetengenezwa ili ikaze na ishike, si ili iteleze. Inakula nati, inakusanya vumbi, na mara nyingi hufika dukani ikiwa imepinda. Itumie kwa meza ya kujifunzia au kwa kifaa cha kurekebisha kwa mkono. Kwa nakshi ya mteja, hapana.

Ya pili ni skrubu ya trapeza. Jino lake lina ubavu wa mteremko na kichwa bapa, pembe ya nyuzi 30 kwa zile za milimita. Ndogo inayojulikana sana ni T8, yenye kipenyo cha milimita 8, ambayo hutumika kwenye printa za 3D. Hapa angalia vizuri, kwani T8 zinauzwa kwa aina tatu zinazofanana sana: mwendo wa 2 wenye hesi moja, mwendo wa 4 wenye hesi mbili, na mwendo wa 8 wenye hesi nne. Zote jino hadi jino ni milimita 2. Nati ya moja haiingii kwenye nyingine. Zile kubwa, Tr12x3, Tr16x4 na Tr20x4, ndizo za mashine ya kuchonga mbao, na huandikwa kipenyo kwanza, mwendo baadaye.

Ya tatu ni skrubu ya gololi. Badala ya jino kusugua jino, gololi za chuma hubingirika kwenye mfereji wa mviringo, zikifika mwisho wa nati hurudishwa mwanzo kwa njia ya ndani. Zinazopatikana sana ni SFU1204, SFU1605 na SFU1610. Tarakimu mbili za mwanzo ni kipenyo, mbili za mwisho ni mwendo. SFU1605 ni kipenyo 16, mwendo 5. Skrubu ya gololi hupeleka takriban asilimia 90 ya nguvu ya mota kwenye kazi. Ya trapeza hupeleka kati ya asilimia 20 na 50, nyingine inapotea kwenye msuguano na kugeuka joto.

Tofauti hiyo ina maana gani mezani? Chukua stepa mota, ile inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo, ya saizi ya NEMA 23 yenye nguvu ya kushikilia ya Nm 1.9. Ikiwa inazunguka, tuseme imebaki nayo nusu, Nm 0.9. Kwenye SFU1605 itasukuma kwa nguvu ya kama kilo 100. Mota ndogo ya NEMA 17 ya Nm 0.4, ikibaki na 0.2 kwenye T8 ya mwendo wa 8, itasukuma kwa kama kilo 8 tu. Kilo 8 zinatosha kuchora kwa kalamu au kuchonga mbao laini kwa tabaka nyembamba. Mbambakofi itaisimamisha.

Kasi: hesabu ambayo wengi huiruka

Watu hudhani mwendo mdogo ni bora kwa sababu unaleta usahihi. Kwa chuma kuna ukweli ndani yake. Kwa mbao kuna hatari, kwa sababu ruta huzunguka kwa kasi kubwa, mara nyingi kuanzia mizunguko 10,000 kwa dakika kwenda juu, na kila jino la biti linatakiwa kukata kipande halisi cha mbao. Likisogea polepole mno halikati, linasugua. Kusugua huleta moto, moto hula makali ya biti na kuacha mbao nyeusi.

Zidisha mizunguko ya ruta kwa idadi ya meno ya biti, kisha zidisha kwa unene ambao kila jino litakata. Biti ya milimita 6 yenye meno 2, ikizunguka 12,000, na kila jino likikata milimita 0.08: 12,000 × 2 × 0.08 ni milimita 1,920 kwa dakika. Hiyo ndiyo kasi ambayo kibebeo chako kinatakiwa kukimbia wakati wa kukata, na wakati wa kuhama bila kukata kinatakiwa kwenda upesi zaidi.

Sasa angalia upande wa mota. Stepa mota hupoteza nguvu kadiri inavyozunguka upesi. Kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani panga kazi yako isizidi mizunguko 600 hadi 800 kwa dakika. Kwa mizunguko 600, nondo ya M8 inakupa milimita 750 kwa dakika, ambayo haitoshi. Tr16x4 inakupa 2,400. SFU1605 inakupa 3,000. SFU1610 inakupa 6,000. Kwa nakshi, mwendo wa 4 au 5 unatosha kabisa, na ukitumia mwendo wa 10 unalipa kwa nguvu: kwa mota ileile, mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma inapungua nusu.

Na usahihi je? Stepa mota ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Kwa mwendo wa 5, hatua moja nzima ni milimita 0.025, kabla hata draiva, yaani kifaa cha umeme kinachoendesha mota, haijazigawa hatua hizo. Mbao yenyewe husogea zaidi ya hapo kutoka kaskazi hadi kusi kwa kunywa unyevu na kukauka. Usinunue usahihi ambao mbao haiwezi kuutunza.

Kuna kikomo kingine, nacho ni mtikisiko wa skrubu yenyewe. Skrubu ndefu na nyembamba ikizunguka upesi hupinda katikati na kuruka kama kamba ya watoto. Huo mpaka unahesabika. Chukua kipenyo cha shina, yaani ndani ya hesi, kwa milimita. Zidisha kwa 96,000,000. Gawanya kwa urefu kati ya beringi na beringi, kwa milimita, uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu ni mizunguko kwa dakika ambayo usiivuke, ukihesabu skrubu imeshikwa kwa beringi ncha zote mbili. Asilimia 20 ya tahadhari imeshawekwa ndani.

Tujaribu kwa urefu wa milimita 1,200. T8 ina shina la 5.5. Jibu ni mizunguko 367. Ukiwa na mwendo wa 8, hiyo ni kama milimita 2,900 kwa dakika, inavumilika. Ukiwa na mwendo wa 2 ni 730 tu, na mashine itakuwa inasugua mbao maisha yake yote. Tr16x4 ina shina la 11.5: mizunguko 766, milimita 3,060 kwa dakika. SFU1605 ina shina la kama 13: mizunguko 866, milimita 4,330. Sasa rudia kwa milimita 2,200, ile mashine ya mlango mzima. SFU1605 inashuka hadi mizunguko 258, milimita 1,290 kwa dakika. Ndiyo maana nilisema urefu ni adui. Ukilazimika kuvuka mita moja na nusu, acha skrubu, tumia reki na pinioni (gia inayotembea juu ya chuma kirefu chenye meno), au mkanda wenye meno kwa kazi nyepesi, au nati inayozunguka wakati skrubu imesimama.

Mhimili wa Z na umeme unaopotea

Hapa pana jambo ambalo miongozo ya nchi za mbali hailitilii mkazo, na kwetu linahusu mlango wa mteja. Umeme ukipotea, mota zinalegea. Je, ruta yenye uzito wa kilo tatu au nne itabaki ilipo, au itashuka?

Skrubu ya gololi haina breki. Ukiisukuma nati, skrubu inazunguka. T8 ya mwendo wa 8 nayo hurudi nyuma, kwa sababu hesi yake imelala kwa mteremko wa nyuzi 20. Ruta itashuka, na kwa kuwa biti bado inazunguka kwa nguvu iliyobaki, itatoboa katikati ya nakshi. T8 ya mwendo wa 2 na Tr16x4 zina mteremko wa kama nyuzi 5 tu, na kwa kawaida msuguano unazishika palepale.

Kwa hiyo kwa Z ninachagua trapeza yenye hesi moja bila kusita, hata pale X na Y ni za gololi. Tr12x3 inafaa sana: ina nguvu, inakaa, na safari ya Z ya kupanda na kushuka ni fupi kiasi kwamba kasi si tatizo. Anayetaka SFU1204 kwenye Z na aweke springi ya gesi au uzani wa kusawazisha ruta, au mota yenye breki. Kabla ya kuanza kazi ya kwanza, inua Z, zima swichi ukutani, na utazame.

Nati

Skrubu nzuri yenye nati mbaya ni skrubu mbaya. Nati ndiyo inayoliwa, na inatakiwa iwe hivyo: nati ni laini na rahisi kubadilisha, skrubu ni ngumu na ghali.

Kwa trapeza, chagua kati ya shaba na plastiki ngumu ya POM, inayoitwa pia asetali. Shaba nyeusi, yaani bronzi, ni bora kuliko shaba ya njano kwa kubeba mzigo, lakini za njano ndizo zinazokuja na T8. POM inateleza yenyewe, haihitaji mafuta mengi, na haili skrubu. Kwa karakana yenye vumbi la mbao mimi naipenda POM kuliko shaba, kwa sababu mafuta machache yana maana vumbi kidogo linaloganda. Usitumie kabisa nati ya chuma kisichoshika kutu kwenye skrubu ya chuma kisichoshika kutu. Metali hizo mbili zikisuguana hukwaruzana, zikang'ang'aniana, na hutazitenganisha tena.

Ulegevu kwenye nati mpya ya T8 unaweza kufika sehemu ya kumi ya milimita. Kwa ua la sentimita nne hilo linaonekana. Kuna nati zenye springi, nati mbili zinazosukumana ili kuondoa nafasi. Zinasaidia, ila fahamu mpaka wake: springi lazima iwe na nguvu kuliko msukumo wa kukata. Springi ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya printa, ambazo hazikati kitu, hubanwa mara tu biti inapokutana na fundo la mbao, na ulegevu unarudi ukiwa mkubwa kuliko mwanzo. Bora nati mbili zilizofungwa kwenye bati moja, ya pili ikizungushwa kidogo hadi ulegevu uishe, kisha ikakazwa kwa bolti. Haina springi ya kudanganya, na ikilika unaikaza tena.

Kuna njia ya kujitengenezea nati ya POM nyumbani. Kata kipande cha skrubu ileile, kifute mafuta. Pasua bonge la POM mara mbili, toboa tundu dogo kuliko shina, banisha vipande viwili juu ya skrubu kwa vaisi, kisha pasha skrubu moto kwa bunduki ya hewa moto huku ukikaza polepole. POM hulainika kwenye nyuzi 165 hadi 175 na kujaza hesi kikamilifu. Fanya kazi hiyo nje, upepo ukiwa nyuma yako: POM ikiungua hutoa gesi ya fomaldehaidi inayochoma macho na mapafu. Usitumie moto wa wazi. Nati hiyo ikipoa huwa imebana. Izungushe kwa drili ya polepole pamoja na mafuta kidogo hadi ilainike. Nati ya namna hii haina ulegevu wa kuhisi kwa mkono, na gharama yake ni bonge la plastiki.

Nati za gololi ni hadithi tofauti. Zile za daraja la C7, ambazo ndizo nyingi sokoni, zina kosa la mwendo la kama milimita 0.05 kwa kila milimita 300, na ulegevu wa sehemu chache za mia za milimita. Kwa mbao hiyo ni zaidi ya kutosha. Jambo la kuliogopa ni kuitoa nati kwenye skrubu. Ikitoka bila bomba la kuipokea, gololi zitamwagika sakafuni, na kuzirudisha ni kazi ya siku nzima yenye dua. Iache nati mahali pake. Ikibidi kuigeuza, tengeneza bomba lenye kipenyo cha shina, liguse ncha ya skrubu, nati ihamie kwenye bomba bila kuachana.

Beringi za ncha na kapilingi

Mota ya stepa haikutengenezwa kubeba msukumo wa mbele na nyuma. Ukiunga skrubu moja kwa moja na mota kwa kapilingi ile ya alumini yenye mkato wa mviringo, kapilingi inakuwa springi, na springi ni ulegevu kwa jina jingine.

Ncha moja ya skrubu ishikwe isisogee popote. Ncha ya pili ishikwe isitikisike, lakini iachwe iteleze kwa urefu. Sababu ni joto. Chuma cha mita moja kikipanda joto nyuzi 20 kinarefuka kama milimita 0.23, na chini ya mabati ya Lamu wakati wa kaskazi nyuzi 20 kati ya alfajiri na adhuhuri ya kazi si ajabu. Ukikibana ncha zote mbili bila hesabu, kitajipinda.

Kwa SFU1605 tumia jozi ya vibanda vya beringi, BK12 upande wa mota na BF12 upande wa pili. Ndani ya BK12 inatakiwa kuwe na beringi mbili za pembe zinazotazamana, namba 7001. Za bei ya chini wakati mwingine huja na beringi za kawaida ndani. Fungua kifuniko usome namba kabla ya kufunga. Kwa T8, vile vibanda vya KP08 vinashika vizuri upande kwa upande lakini vinacheza kwa urefu, basi ongeza beringi mbili za msukumo za F8-16M, moja kila upande wa kibanda cha mota, zibanwe kwa kola. Kapilingi iwe ya taya, yenye raba katikati, na tundu lake lilingane na shafti: NEMA 17 huwa na shafti ya milimita 5, NEMA 23 ama 6.35 ama 8, na ncha ya skrubu ya BK12 huwa 10.

Chumvi na vumbi

Skrubu za gololi ni chuma cha beringi, kigumu sana na chepesi kushika kutu. Kwenye karakana inayotazama bahari, skrubu iliyopanguswa mafuta jioni inaweza kuamka na rangi ya mdalasini kwenye mifereji, na alama hiyo ikiingia ndani gololi zitaipiga kila zinapopita. T8 nyingi huuzwa zikiwa za chuma kisichoshika kutu, na kwa pwani hiyo ni faida yake kubwa. Tr16 hupatikana kwa aina zote mbili. Ukiweza, lipia kisichoshika kutu.

Ukichagua gololi, basi uwe mtu wa kuzitunza. Grisi ya lithiamu ndani ya nati, na tabaka jembamba la mafuta kwenye skrubu kila unapofunga kazi. Skrubu ziwekwe chini ya meza au ubavuni, kamwe zisilale juu zikitazama ruta. Funika kwa mfuko wa mikunjo au hata ukanda wa turubai, maana vumbi la mbambakofi likichanganyika na mafuta huwa msasa. Kwa nati ya POM usitie grisi kabisa. Pulizia kilainishi kikavu cha PTFE, na ufute skrubu kwa kitambaa kikavu.

Kuagiza na kusafirisha

Urefu wa skrubu si urefu wa safari ya kibebeo. Kwa SFU1605 iliyokerezwa kwa BK12 na BF12, ncha hula karibu milimita 65, nati karibu 50, na acha 35 kwa swichi za kikomo na usalama. Ukitaka safari ya 1,000, agiza 1,150. Agiza ikiwa imekerezwa ncha tayari. Chuma kile kimefanywa kigumu kwa moto, na mkereza asiye na kisu cha kabaidi atakiharibu au kitamharibia kisu. Skrubu za trapeza ni laini zaidi, mkereza yeyote mzuri wa Malindi au Mombasa atazikereza, mradi umpelekee beringi zenyewe apimie, si namba ya kwenye karatasi.

Mzigo wa Amu hupita basi hadi Mokowe, kisha boti, kisha mabega au punda. Skrubu ya mita moja ikifungwa kwa karatasi tu itafika imepinda. Mwambie muuzaji au wakala aiweke ndani ya bomba la PVC la maji, ncha zimezibwa, imepakwa mafuta na kuviringishwa plastiki. Ikifika, ibingirishe juu ya kioo cha meza kabla ya kusaini: mwanga ukipita chini katikati na kufunga, ukipita na kufunga, imepinda.

Kufunga na kupima

Funga reli kwanza, zilingane sambamba kwa urefu wote, kabla skrubu haijagusa mashine. Kisha funga nati kwenye kibebeo, bolti za beringi za ncha zikiwa legevu. Sukuma kibebeo hadi karibu na BK, kaza BK. Kipeleke karibu na BF, kaza BF. Zungusha skrubu kwa vidole viwili kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa nzito upande mmoja tu, weka kibati chembamba chini ya kibanda hicho, usilazimishe kwa bolti. Kwa mhimili wa Y wenye skrubu mbili, mbili hizo ziwe za aina moja na za oda moja.

Kisha weka hatua kwa milimita kwenye programu. Hatua 200, zikigawanywa na draiva mara 8, ni 1,600 kwa mzunguko. Kwa mwendo wa 5 ni 320, kwa mwendo wa 4 ni 400. Kwenye Grbl, programu ya kidhibiti cha mashine, huandikwa $100 kwa X, $101 kwa Y na $102 kwa Z. Angalia pia kwamba kidhibiti kinaweza: Grbl kwenye Arduino Uno hutoa kama hatua 30,000 kwa sekunde, na T8 ya mwendo wa 2 iliyogawanywa mara 16 inahitaji 40,000 ili ifike milimita 1,500 kwa dakika. Haitafika, gawanya mara 8.

Ulegevu upimwe kwa geji ya saa. Iegemeze kwenye kibebeo, sogeza mashine milimita 1 kuelekea geji, iweke sifuri, endelea milimita 1 nyingine, kisha rudi milimita 1. Tofauti na sifuri ndiyo ulegevu wako. Chini ya 0.05 endelea na kazi. Kati ya 0.05 na 0.1 kaza nati ya pili. Ukizidi hapo, usikimbilie nati: shika skrubu kwa mkono uivute mbele na nyuma, mara nyingi ni beringi ya ncha au skrubu ya kapilingi iliyolegea. Baada ya hapo chonga lile ua la sentimita nne, na ulipime kwa kalipa pande nne.

Andika tarehe na kipimo cha ulegevu kwa penseli kwenye fremu, chini ya meza, na upime tena kila masika yanapoisha. Nati za trapeza za akiba ziagizwe pamoja na skrubu, mbili kwa kila mhimili, kwa sababu nati ya duka jingine yenye namba ileile mara nyingi haibani sawasawa.